Kosa la Saa

Mtu akiona saa ya ukutani imekosea hupanda juu ya kiti, akageuza mishale, akashuka, na shauri likawa limekwisha. Kwa saa ya ukutani desturi hiyo haina lawama, maana ina uso mmoja na mtambo mmoja nyuma ya uso, na hakuna waitegemeao ila watu waliomo chumbani. Saa ya kompyuta ni habari nyingine. Kuigeuza kabla ya kuihoji ni sawa na kumfukuza shahidi barazani kabla hajafungua kinywa. Kosa hutoweka machoni, lakini sababu yake hubaki ndani, ikingojea siku ya umeme kukatika.

Maneno haya yahusu kompyuta za ukoo wa Unix, yaani Linux na jamaa zake, ambazo huendesha sehemu kubwa ya seva za intaneti na kutunza madaftari ya vyuo, benki na hospitali. Watu wengi hudhani kwamba ndani ya kompyuta ya namna hiyo mna saa moja. Kwa hakika mna saa mbili, na juu ya hizo mna kitabu cha kutafsiri. Aghalabu panapotokea kosa, saa zote mbili huwa zapiga sawasawa, na kilichopotoka ni tafsiri.

Saa ya kwanza imo katika ubao mkuu wa mashine, nayo hutembea hata mashine ikiwa imezimwa. Kompyuta za mezani ziliizoea tangu 1984, IBM ilipotoa mashine yake iitwayo PC AT ikiwa na saa inayolishwa na betri. Siku hizi betri hiyo huwa na umbo la sarafu na nguvu ya volti 3, na kazi yake ni kuiamsha fuwele ndogo ya kwatzi itetemekayo mara 32,768 katika kila sekunde. Hesabu hiyo haikuokotwa njiani: ikigawanywa nusu kwa nusu mara 15 hubaki pigo moja tu, na pigo hilo ndilo sekunde. Walakini fuwele si malaika. Joto huipotosha, na uzee huipotosha pia. Ikikosea kwa sehemu 20 katika milioni, jambo lisilo la ajabu kwake, itapotea sekunde 1.7 kwa siku, ambazo ni sekunde 52 hivi kwa mwezi.

Saa ya pili haina betri wala uso. Ni hesabu tu iliyowekwa katika kumbukumbu ya mashine. Mashine inapoamka, kiini cha mfumo huitazama saa ya betri mara moja, huchukua habari yake, kisha hushika njia yake chenyewe mpaka mashine izimwe. Kinachohesabiwa ni sekunde zilizopita tangu usiku wa manane wa kuamkia 1 Januari 1970, kwa saa sanifu ya ulimwengu ambayo kwa ufupi huitwa UTC. Waasisi wa Unix, Ken Thompson na Dennis Ritchie wa Bell Labs nchini Marekani, hawakuanzia hapo. Katika mwongozo wao wa 1971 hesabu ilianza 1 Januari 1971, na kipimo chake kilikuwa sehemu ya 60 ya sekunde. Kwa nafasi iliyotengwa, chombo kilijaa baada ya miaka miwili na miezi michache, na mwongozo wenyewe haukuificha aibu hiyo. Ni ajabu kidogo kwamba watu walioona mbali katika mambo mengi walijenga saa yenye umri mfupi kuliko wa mbuzi.

Hesabu hiyo haijui Nairobi wala London, haijui asubuhi wala jioni. Ajuaye ni kitabu cha kutafsiri. Hiki ni jedwali la desturi za saa za nchi zote, lililoanzishwa na Arthur David Olson katika miaka ya 1980, na tangu 2011 kutunzwa chini ya IANA, idara isimamiayo majina na namba za intaneti. Humo jina Africa/Nairobi laamuru kuongeza saa 3 juu ya UTC, na jina Africa/Dar_es_Salaam laelekezwa huko huko. Mpenda historia akilifungua jedwali hilo hatajuta. Atakuta kwamba toka mwanzo wa 1937 hadi mwisho wa Julai 1942 Nairobi iliishi saa 2 na dakika 45 mbele ya Greenwich, na kwamba kwa siku za kabla ya Mei 1908 jedwali laupa mji saa ya jua lake lenyewe, saa 2, dakika 27 na sekunde 16. Mambo haya yangestahili kukumbukwa na kila asomaye barua na taarifa za zamani zenye saa juu yake, lakini hiyo ni kazi ya makala nyingine.

Msemaji wa Kiswahili hana udhuru wa kustaajabia kitabu cha kutafsiri saa, maana amezaliwa nacho kichwani. Mwalimu aingiapo darasani Dar es Salaam saa mbili asubuhi, mshale mfupi wa saa yake wakaa juu ya 8, na kompyuta iliyo mezani yaandika 08:00, hali ndani yake UTC ni 05:00. Mbili, nane, tano: hizo ni nyakati ngapi? Ni wakati mmoja. Mswahili ameanza kuhesabu jua lilipochomoza, mtengeneza saa ameanza usiku wa manane, na mashine imeanza na usiku wa manane wa Greenwich. Hakuna aliyesema uwongo. Uwongo huingia pale mmoja atwaapo tarakimu ya mwenziwe akaisoma kwa desturi yake mwenyewe, mfano wa mgeni aliyealikwa chai ya saa mbili asubuhi, akatazama 2 juu ya uso wa saa, akabisha hodi wenyeji wamekwisha kula chakula cha mchana.

Kompyuta hukosea kwa njia hiyo hiyo. Mfumo wa Windows, kwa urithi wa siku zake za utoto, huiandika saa ya betri kwa saa ya mji. Jamaa ya Unix huiandika kwa UTC. Mashine moja ikikaliwa na mifumo yote miwili, au ikihama kutoka mmoja kwenda mwingine, ugomvi hauna budi. Na iwe ni saa tatu asubuhi mjini Nairobi. Windows imeandika 9 katika saa ya betri. Linux ikiamka huisoma 9 hiyo kuwa ni ya Greenwich, huongeza 3 kwa amri ya jedwali, kisha hutangaza adhuhuri. Kinyume chake, Linux ikiwa imeandika 6, Windows huisoma kuwa ni 6 ya mji, ikabaki nyuma kwa saa 3. Kosa la namna hii lina alama isiyofichika: ni la saa kamili, bila dakika juu yake, na idadi ya saa hizo ni umbali wa mji na UTC. Kampala ni 3. Bujumbura na Lubumbashi ni 2. Maskati ni 4. Fundi aliyeambiwa tu kwamba mashine ya Kampala imetangulia kwa saa 3 barabara amekwisha kuambiwa ugonjwa, na mtu anayemletea betri mpya anampotezea wakati.

Huenda msomaji akauliza kuna hasara gani, ikiwa kila mtu ana saa mkononi. Basi na ifikiriwe seva ya chuo, ambayo kazi yake ni kupokea insha za wanafunzi na kupiga muhuri wa saa juu ya kila insha. Zamani mashine hiyo ilikuwa ya Windows. Sasa imetiwa Linux, na hakuna aliyeitazama saa ya betri. Mwisho wa kupokea insha ni saa sita usiku. Mwanafunzi wa kwanza aleta kazi yake saa tatu na nusu usiku, akafurahi, akalala. Muhuri wasema 00:30 ya siku ya pili. Asubuhi jina lake li katika orodha ya waliochelewa. Ataleta mashahidi, nao wataapa, na kamati itasikiliza kwa upole, kisha itaamua kwa muhuri, kwa kuwa mashine haina upendeleo. Ni kweli, haina upendeleo; wala haina haya.

Katika mkasa huo mtunza seva yu macho. Saa nne usiku aona mashine yasema 01:00. Apanda juu ya kiti, kwa mfano: aandika amri ya date na kuirudisha nyuma saa 3. Uso wa saa watengemaa. Lakini toka dakika hiyo daftari la seva lina lugha mbili ndani yake, na hapana mstari uonyeshao mpaka. Saa sita na nusu usiku, muda ukiwa umekwisha kupita, mwanafunzi wa pili aleta insha yake. Muhuri wake pia ni 00:30. Mmoja aliwahi kwa saa mbili na nusu, mwingine amechelewa kwa nusu saa, na muhuri wao ni mmoja. Kabla ya saa kugeuzwa, kosa lilikuwa dhuluma ambayo mtu yeyote angeweza kuiondoa kwa kutoa 3. Baada ya kugeuzwa, dhuluma ile ile haitoki kwa hesabu hiyo, kwa kuwa muhuri peke yake hausemi tena utolewe 3 au uachwe.

Si hayo tu. Amri ya date hugusa saa ya pili peke yake, wala haiandiki neno katika saa ya betri. Alfajiri umeme wakatika, seva yaamka, yasoma betri kama ilivyosoma jana, na saa 3 zarudi mahali pake. Sasa daftari lina lugha tatu. Wako watunzaji wengine wajanja zaidi, ambao huacha saa zote kama zilivyo na kulibadili jedwali, wakaiambia mashine kwamba iko Greenwich. Uso wa saa hupendeza mara moja. Dawa hii ni mbaya kuliko ugonjwa, kwani mashine imetangulia kwa saa 3 na sasa imefundishwa kutabasamu. Barua zitokazo humo humfikia mpokeaji zikiwa na saa ambayo bado haijafika. Mifumo ya kutambulishana kama Kerberos, ambayo kwa kawaida haivumilii tofauti ipitayo dakika 5, humfungia nje, na mtunzaji hutafuta kosa katika maneno ya siri, ambako halipo.

Hapa pana swali la haki: je, katika seva ile kulikuwa na programu ya kulinganisha saa kwa njia ya mtandao? Yamkini ilikuwamo, nayo ilinyamaza. Kanuni ya kulinganisha saa, iitwayo NTP, ilielezwa mwaka 1985 na David Mills, ambaye baadaye alikuwa profesa wa Chuo Kikuu cha Delaware, na aliyefariki Januari 2024. Mashine hutuma barua yenye saa ya kuondoka. Mwenye saa ya kuaminika huandika juu yake saa ya kuipokea na saa ya kuijibu. Mtumaji huandika saa ya kurudi kwake. Kwa saa hizo nne hukadiriwa muda wa safari na ukubwa wa kosa. Programu ya zamani ya kanuni hii, ntpd, ina tabia inayostahili heshima. Kosa dogo huliponya polepole, kwa mwendo usiozidi sehemu 500 katika milioni, hata sehemu ya kumi ya sekunde yaihitaji zaidi ya dakika 3, ili saa ya mashine isirudi nyuma na tukio la baadaye lisionekane la mwanzo. Lakini ikionyeshwa kosa lipitalo sekunde 1,000 hukataa kazi na kujifunga, isipokuwa imepewa ruhusa ya pekee inapoanza. Saa 3 ni sekunde 10,800. Watu husema programu hiyo ni mkaidi. Kinyume chake, hiyo ndiyo iliyokataa kugeuza mishale kabla ya mtu mwenye akili kuja kutazama. Ila iliandika kukataa kwake katika daftari, na daftari halikusomwa.

Kuihoji saa hakuhitaji elimu kubwa. Amri moja, timedatectl, huandika kwa pamoja saa ya mji, saa ya UTC, saa ya betri, jina la jedwali litumikalo, kama ulinganisho wa mtandao umefaulu, na kama saa ya betri yasomwa kwa desturi ya mji au ya UTC. Pasipokuwa na amri hiyo, date -u na hwclock hutoa sehemu kubwa ya habari hizo. Habari hizo sharti ziandikwe kwenye karatasi, pamoja na saa ya kuaminika ya dakika hiyo hiyo, kabla ya kugusa kitu. Kazi hii haichukui dakika mbili. Baada yake matibabu huwa mepesi: jedwali liwe la mji wa kweli, saa ya betri iandikwe kwa UTC, na programu ya kulinganisha ianzishwe upya. Ikiisha kupatana na wenye saa, kiini cha Linux, katika mashine nyingi, huiandika upya saa ya betri kila baada ya dakika 11, na ugomvi wa saa hizo mbili hukoma.

Na wale wanafunzi wawili wenye muhuri mmoja? Kwa bahati, mashine za Linux zina hesabu nyingine isiyogeuzwa na amri ya date: sekunde tangu mashine ilipoamka. Hesabu hiyo haijui tarehe, haina jina la mwezi, na haiwezi kurudi nyuma. Daftari la mfumo, katika Linux nyingi za sasa, huiandika kimyakimya kando ya saa ya kawaida. Ikiwa programu ya kupokea insha ilikuwa ikiandika humo, insha ya kwanza itaonekana kabla ya dakika ya kugeuzwa kwa saa na ya pili baada yake, na kamati itaweza kuzitenga bila kuapisha mtu. Ila hesabu hiyo huanza upya mashine ikizimwa. Ndiyo sababu mtunzaji anayeshauriwa kuzima na kuwasha kwanza, kisha kutazama baadaye, hupewa shauri baya.

Magonjwa mengine ya saa yana sura zake. Betri ikifa, mashine huamka katika zamani, pengine 1970, pengine mwaka iliyoundwa. Dalili ya kwanza aghalabu si saa, bali ni milango ya intaneti kufungwa yote kwa pamoja. Kila mlango wa salama una cheti chenye tarehe ya kuanza na tarehe ya kwisha, na kwa mashine iliyoamka 1970 vyeti vyote bado havijaanza. Mtu mwenye haraka huiambia mashine ivipuuze vyeti. Hivyo humwondoa bawabu kwa kosa la bawabu kuwa na kalenda ya zamani. Betri mpya ni ya bei ndogo. Kuna pia kompyuta ndogo zisizo na saa ya betri kabisa, kama Raspberry Pi za kabla ya toleo la 5 la mwaka 2023. Hizo huandika saa katika faili kabla ya kulala, na zikiamka huendelea kutoka hapo, kama kwamba usiku haukupita. Kosa lao halina idadi maalumu; ni muda ule ule mashine iliokuwa imezimwa, na ajuaye umeme ulikatika lini hulijua kosa bila kutazama saa.

Limebaki kosa moja ambalo ukubwa wake umejulikana mapema. Katika mashine za Unix zinazotunza sekunde kwa nafasi ya biti 32, hesabu itajaa itakapofika 2,147,483,647. Kiini cha Linux kilikwisha kutengenezwa kwa ajili hiyo, na toleo la 5.6 la mwaka 2020 liliziruhusu hata mashine ndogo kuvuka. Lakini programu na vyombo vilivyofungwa zamani ndani ya kuta na mitambo havitengenezeki vyote. Dakika yenyewe ni 19 Januari 2038, 03:14:07 kwa UTC, ambayo katika Afrika Mashariki ni 06:14:07, na kwa kinywa cha Mswahili ni saa kumi na mbili na dakika 14 asubuhi. Sekunde ifuatayo, chombo ambacho hakikutengenezwa kitarudi nyuma miaka 136, hadi 13 Desemba 1901. Na kikiwa na jedwali kamili la Nairobi, hakitaongeza saa 3. Kitaongeza saa 2, dakika 27 na sekunde 16, kwa uaminifu wote, na kuandika 23:13:08 usiku, katika mwezi ule ule ambao reli kutoka Mombasa ilifika ziwani.